Mgomo wa Preston na Riwaya Zake Mbili

Mwezi wa Oktoba 1853, katika mji wa Preston ulioko kaskazini-magharibi ya Uingereza, matajiri wenye viwanda vya pamba waliafikiana kufunga milango yao, wakawaacha nje wasokotaji na wafumaji wapatao 18,000, wanaume kwa wanawake, wakubwa kwa wadogo, kwa sababu watu hao walikuwa wakidai warudishiwe ile sehemu moja katika kumi ya ujira wao iliyokatwa miaka michache nyuma wakati biashara ilipodorora, na ambayo, kwa rai yao, ilistahili kurejea kwa kuwa biashara nayo ilikwisha kurejea. Mitambo ikanyamaza, mabomba ya moshi yakapoa, na majira yote ya baridi yakapita hali pande mbili zimeshikana mashati. Migomo ya namna hiyo haikuwa kioja katika zama zile. Lakini huu wa Preston ulipata bahati ambayo mingine haikuipata, kwani ulizaa riwaya mbili, moja ya Charles Dickens na moja ya Elizabeth Gaskell, zilizotolewa sehemu kwa sehemu katika gazeti moja la kila juma, ya pili ikianza majuma matatu tu baada ya ile ya kwanza kwisha. Msomaji atakaye kuijua jamii ya viwanda ya karne ya 19 aghalabu hupewa riwaya ya Dickens, Hard Times, akaambiwa kwamba hiyo ndiyo sura yake. Rai yangu ni kwamba riwaya hiyo ni shahidi mwema wa jambo moja na shahidi dhaifu wa jambo jingine, na kwamba historia ya Preston ndiyo ituwezeshayo kuyapambanua mawili hayo.

Preston haukuwa mji uliozuka kwa ajili ya mashine. Ulikuwa mji wa kale wa soko, wenye mahakama na nyumba za waungwana, na ndimo alimozaliwa mwaka 1732 Richard Arkwright, kinyozi ambaye baadaye mtambo wake wa kusokotea nyuzi kwa nguvu ya maji uliitoa kazi hiyo majumbani ukaitia viwandani. Mwaka 1791 John Horrocks alijenga kiwanda chake hapo, wengine wakamfuata, na ilipofika hesabu ya watu ya 1851 mji ulikuwa na wakazi karibu 70,000. Pamba iliteremshwa katika bandari ya Liverpool, nyingi yake ikitoka majimbo ya kusini ya Marekani ambako ililimwa na kuchumwa na watumwa, kisha ikaingia katika vyumba ambamo hewa iliwekwa makusudi kuwa ya joto na unyevu ili nyuzi zisikatike, ambamo vumbi jeupe lilielea mchana kutwa, na ambamo kelele za mitambo ya kufumia zilikuwa kubwa kiasi cha wafumaji kujizoeza kusomana midomo. Sheria ya 1844 iliwaamuru wenye viwanda waizungushie kinga mitambo yenye hatari, na ile ya 1847 iliwawekea wanawake na vijana mpaka wa saa kumi za kazi kwa siku. Lakini amri ni jambo moja, na utiifu ni jambo jingine.

Fauka ya hayo, mji ulikuwa na kumbukumbu ya damu. Mwezi wa Agosti 1842, katika ghasia zilizoenea miji mingi ya viwanda, askari waliupiga risasi umati wa watu katika barabara ya Lune Street, na watu wanne wakapoteza maisha. Kwa hiyo ilipofika 1853 wengi walitazamia kwamba maelfu ya watu wasio na kazi wala chakula watavunja na kuchoma, na mshangao wa wageni waliofika Preston ulikuwa kuyakuta mambo kinyume cha matazamio yao. Wafanyakazi walitulia. Wenzao wa miji mingine walitoa kidogo katika ujira wao kila juma ili kuwasaidia, fedha zikapokewa na kamati, zikagawanywa kwa daftari, na hesabu zake zikapigwa chapa na kutangazwa hadharani ili kila mchangaji aone mchango wake.

Mmoja wa wageni hao alikuwa Dickens mwenyewe, mhariri wa gazeti la Household Words lililouzwa kwa peni mbili, aliyefika mwishoni mwa Januari 1854 na kuchapisha habari zake tarehe 11 Februari. Habari hizo hazikosi insafu. Anasimulia jinsi alivyosafiri katika gari la moshi pamoja na bwana mmoja aliyeshikilia kwamba wafanyakazi ni watu wa kubanwa tu hata watii. Kisha anatuingiza katika mkutano wa wajumbe uliofanyika katika banda la zamani la kupiganishia majogoo, mahali palipowahi kuwa pa michezo ya mabwana wakubwa, ambapo sasa wafumaji walikaa na kujadiliana kwa utaratibu. Anatunukulia hata matangazo ya michango yaliyobandikwa ukutani, pamoja na mizaha waliyorushiwa wale waliokawia kutoa. Na jambo lililo kubwa kuliko yote kwa shauri letu ni hili: katika mkutano ule alikuwako msemaji wa kulipwa, mtu wa maneno ya moto, ambaye Dickens alimpa jina la kubuni la Gruffshaw, na alipotaka kuuteka mkutano, mwenyekiti, aliye mfanyakazi kama wao, alimzuia, na wajumbe wakarejea katika shughuli zao.

Majuma saba baadaye, tarehe 1 Aprili, Hard Times ilianza kutoka katika gazeti lile lile, ikaendelea hata tarehe 12 Agosti. Humo mji unaitwa Coketown, na msemaji wa maneno ya moto anaitwa Slackbridge. Lakini safari hii mwenyekiti anamkalisha chini kwa kitambo tu. Slackbridge anafoka jukwaani, umati unamfuata, na mfumaji mwaminifu Stephen Blackpool, aliyekataa kuingia chama cha wafanyakazi kwa sababu ya ahadi aliyompa mwanamke ampendaye, Rachael, anatengwa na wenzake pasipo hata mmoja kumwamkia njiani, kisha anafukuzwa kazi na tajiri wake, Bounderby, na mwisho anaanguka katika shimo la machimbo yaliyoachwa na kufa kifo cha shahidi. Kile ambacho macho ya mwandishi wa habari yalikiona Januari, kalamu ya mtunzi wa riwaya ilikipindua kabla ya mwaka kwisha.

Kuna dalili nyingine iliyo nzito zaidi. Msomaji wa kitabu hupata taabu kufahamu ile ahadi ya Stephen, maana haielezwi imetokana na nini, na mtu mzima kukubali kuangamia kwa ajili ya ahadi isiyo na sababu huonekana kama upungufu wa utunzi. Sababu yenyewe ilikuwako. Katika maandishi ya kwanza Dickens alieleza kwamba mdogo wake Rachael, akiwa bado mtoto, alikatwa mkono na mtambo usio na kinga, akafa. Stephen akawaka hasira juu ya matajiri, na Rachael, akimwogopea, akamsihi aahidi kuyaacha mambo hayo. Maneno hayo aliyafuta riwaya ilipokuwa ikisomwa kabla ya kupigwa chapa. Ajabu ni kwamba siku hizo hizo, tarehe 22 Aprili, gazeti lake lilichapa makala ya Henry Morley iliyowashutumu wenye viwanda kwa watu waliolemazwa na kuuawa na mitambo ya aina hiyo. Yaani kurasa za habari zililia dhulma, ilhali katika riwaya, jirani yake, sababu ya kuilia ilifutwa.

Kwa nini basi? Dickens aliwahurumia maskini kwa moyo safi, na maisha yake yalikuwa ithibati ya huruma hiyo, kwani yeye mwenyewe alipokuwa mtoto alifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu. Lakini huruma yake ilimwelekea mtu mmoja mmoja, na kila alipowaona watu wengi wamesimama pamoja, alihofu. Alimtaka maskini mwema mwenye subira. Mfumaji mwenye kamati, karani na sanduku la michango hakuwa na mahali pa kukaa katika hikaya yake.

Ama lile jambo ambalo riwaya inalishuhudia vyema halimo viwandani hata kidogo, limo darasani. Bwana Gradgrind, aaminiye kwamba elimu ni hakika tupu zenye kupimika, anamsimamisha msichana Sissy Jupe, aliyelelewa miongoni mwa farasi wa mchezo wa sarakasi, na kumtaka aeleze farasi ni nini. Msichana anababaika. Ndipo anapoulizwa mvulana Bitzer, naye anaorodhesha pasipo kusita miguu, malisho na idadi ya meno, aina kwa aina, na Gradgrind anamwambia Sissy kwamba sasa amekwisha mjua farasi. Miaka inapita, mwana wa Gradgrind anaiba fedha za benki na kumsingizia Stephen, naye Bitzer, ambaye sasa ni mfanyakazi wa benki hiyo, anamkamata ili apandishwe cheo. Mzee anamsihi, anamwuliza kama ana moyo, na kijana anajibu kwa adabu kwamba bila moyo damu isingezunguka mwilini. Ama kuhusu fadhila ya kusomeshwa, ada ililipwa, na biashara ikaishia hapo. Hapo Dickens amekiona kitu ambacho ripoti za serikali, kwa wingi wake, hazikukiona: kwamba mtindo wa kumhesabu binadamu kama mkono wa kazi ulikuwa umekwisha toka kiwandani ukaingia shuleni, nyumbani na katika ndoa, na kwamba anayefunzwa hivyo humrudishia mwalimu wake somo lile lile.

Bibi Gaskell alikuwa na uhusiano mwingine na habari hizi. Tangu alipoolewa mwaka 1832 alikaa Manchester, mumewe akiwa mchungaji wa kanisa la Cross Street, na nyumba za wafumaji alikuwa amekwisha zizoea kabla ya kuandika Mary Barton, riwaya yake ya 1848 iliyowachukiza matajiri wengi wa mji. Riwaya yake ya pili ya viwanda, North and South, ilitoka tangu tarehe 2 Septemba 1854 hata 27 Januari 1855, huku yeye na mhariri wakivutana juu ya urefu wake. Hata jina la kitabu lilitokana na Dickens, maana bibi mwenyewe alitaka kukiita kwa jina la msichana wake, Margaret Hale. Kwake mgomo una wakili wa kweli, Nicholas Higgins, mtu wa chama, mkali, mwenye akili, ambaye wenzake wanapofanya fujo anakasirika kwa kuwa wameiharibu hoja yao. Kwake pia chama kina ukatili wake, naye hakuuficha. Na mambo madogo madogo ameyajua. Bessy, binti wa Higgins, anayekufa kwa mapafu yaliyojaa vumbi la pamba, anaeleza kwamba viwanda vingine vina gurudumu kubwa la kuvutia hewa, lakini matajiri wengi hawalinunui kwa sababu ni ghali na halileti faida, na kwamba hata baadhi ya wafanyakazi hawalitaki, kwani wakikosa kulimeza vumbi lile huona njaa zaidi, na ujira haujaongezwa. Katika maneno hayo machache imo elimu ya uchumi ambayo Slackbridge na Bounderby, kwa kelele zao zote, hawakutupa.

Na sisi wa pwani hatukuwa baidi na mambo hayo. Katika miaka hiyo hiyo pembe za ndovu za bara letu zilikuwa zikinunuliwa kwa merikani, nguo nyeupe isiyosafishwa iliyofumwa katika viwanda vya Massachusetts, ikaletwa Unguja na merikebu za Salem, ikapimwa kwa mikono, doti na jora, na kupandishwa bara mabegani mwa wapagazi; na vita vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, pamba ikaadimika, wafumaji wa Preston wakalala njaa, na katika soko la Unguja nguo za Bombay na za Uingereza zikaanza kushika mahali pa merikani. Dickens aliufananisha mtambo wa mvuke unaopanda na kushuka na kichwa cha tembo aliyeingiwa na wazimu wa huzuni. Hakuwa na haja ya kujua kwamba tembo wa kweli walikuwa wakifa kwa ajili ya nguo ya namna hiyo hiyo.

Mwezi wa Mei 1854 mgomo wa Preston ulikwisha, na watu wakarudi kazini bila kupata walichokidai. Matajiri walikuwa wameleta watu kutoka Ireland na kwingineko kushika nafasi zao, na viongozi wa mgomo, George Cowell miongoni mwao, walikamatwa mwezi wa Machi kwa shitaka la kula njama, ingawa shitaka hilo halikufika kwenye hukumu. Lakini katika kushindwa kwao kuna jambo linaloitia dosari hata ile sehemu bora ya Hard Times. Riwaya inatufundisha kuichukia hesabu, kana kwamba kuhesabu kwenyewe ndiko kunakoua moyo wa mtu. Ilhali wafumaji wa Preston walikuwa wakihesabu kila juma. Walihesabu asilimia kumi iliyokatwa, wakahesabu peni zilizochangwa, wakabandika jumla ukutani ili pasiwe na wa kudhulumiwa, na Dickens, aliyelinukuu tangazo lao neno kwa neno, hakuona kwamba hakika na tarakimu zaweza pia kuwa silaha ya mnyonge. Kwa hiyo yeye aifunguaye riwaya hiyo leo na amwamini Dickens katika darasa la Gradgrind, ampime kwa Bibi Gaskell anapozungumzia chama, na juu ya hayo yote aulize, kila anapokutana na hesabu, ni nani aliyehesabu na kwa manufaa ya nani.