Bumu langu, duara la mjomba na almasi ya Mwadui

Nimekaa hapa kwenye kimbweta, mbu wananila, testi ni Ijumaa, na badala ya kusoma nawaza pesa.

Ni hivi. Bumu limetoka juzi. Jana asubuhi mjomba akapiga simu kutoka nyumbani Ushirombo (ndiyo, siku hizi tuko Mkoa wa Geita, lakini ni tangu 2012 tu, wazee wetu bado wanasema Shinyanga). Ana duara jipya, anatafuta wa kuchangia chakula cha vijana na matimba. "Mwanangu, safari hii machale yananiambia tupo juu yake. Kumbuka yule mzungu wa Mwadui, alikwama tu na gari chini ya mbuyu, akaokota almasi!"

Hiyo hadithi ya mbuyu kila mtoto wa kwetu ameisikia. Tatizo mimi nasoma historia, kwa hiyo nilipokata simu nikaenda maktaba.

Mzungu mwenyewe ni John Williamson, Mkanada aliyezaliwa 1907, mwenye shahada ya udaktari wa jiolojia kutoka chuo cha McGill. Alifika Tanganyika miaka ya 1930. Wakati huo almasi ndogondogo zilishaokotwa Mabuki na sehemu nyingine za Usukuma, ila hakuna aliyejua zimetoka wapi. Hapo ndipo darasa lake lilipoanza kufanya kazi. Almasi ikiwa ndani ya changarawe maana yake kuna mahali ilikotoka, na kwao ni kwenye bomba la mwamba wa kimbalaiti lililopanda kutoka chini sana. Kazi ni kuchimba vishimo, kuchekecha mchanga, kuandika umepata nini na wapi, kisha kusogea mbele na kuanza upya. Kampuni aliyokuwa anaifanyia kazi ilichoka. Yeye akabaki porini, hoi kifedha, akiishi kwa kukopa.

Sasa niambieni, kwa nini hakurudi kwao? Hesabu ya kawaida ingemwambia arudi. Kampuni nzima imeshindwa, wewe na gari bovu utaweza nini? Hapa nakubali kabisa kwamba kilichombakiza ni machale. Lakini yalikuwa machale ya mtu aliyepima miaka, anayejua sehemu zipi ameshazifuta kwenye ramani. Mwaka 1940 akaipata Mwadui. Kama gari lilikwama chini ya mbuyu au halikukwama, mimi naona hiyo si hoja. Magari mangapi yamekwama kwenye tope la Shinyanga, na nani mwingine aliyeshuka akapekua changarawe?

Na bomba lenyewe si mchezo, kama hekta 146, miongoni mwa makubwa kabisa duniani. Mwaka 1947 ikatoka pale almasi ya waridi ya karati 54.5, Williamson akampa Malkia Elizabeth (enzi hizo bado binti mfalme) kama zawadi ya harusi. Alifariki Januari 1958, na mwaka huohuo mgodi ukauzwa, nusu kwa De Beers, nusu kwa serikali ya Tanganyika.

Nikataka kumwandikia mjomba ujumbe wa kibabe: "pima kwanza, acha ndoto". Halafu nikakumbuka mpango wa karanga. Mwaka 1946 Waingereza walileta wataalamu, wakazunguka Tanganyika wiki tisa hivi, wakarudi na ripoti yenye hesabu safi: ekari zaidi ya milioni tatu za karanga. Kazi ikaanza Kongwa 1947, baadaye Nachingwea na Urambo. Kumbe ardhi ya Kongwa kiangazi inakuwa kama saruji, na mvua haiaminiki. Mgogo yeyote anayelima pale angewaambia. Matrekta yakafa, mpango ukafutwa 1951, pauni kama milioni 36 zikaenda na maji. Kwa hiyo hata karatasi inaweza kuwa ndoto, tena ndoto yenye mihuri.

Na mimi je? Nina muhula mmoja wa ujasiriamali kichwani. Mjomba ana miaka ishirini ya kuponda mawe. Akishika jiwe anajua uzito wake kabla sijavaa miwani. Ila pia nakumbuka maduara yake mawili yaliyokula ng'ombe wa bibi, na yote mawili "machale" yalisema ndiyo.

Nikampigia. "Mjomba shikamoo. Karai ngapi umeosha kutoka duara hilo?" Kimya. "Tatu." "Zilizoonyesha?" "Moja, lakini ilikuwa nzuri!" Nikamwambia bumu lote sitoi. Natuma elfu thelathini, vijana wachukue mawe sehemu kumi na tano tofauti, kila jiwe liandikwe limetoka kina gani, waponde, waoshe, yabaya pia yahesabiwe. Akaguna, "Chuo kimekuharibu," akakata.

Nilituma hivyohivyo. Leo jioni, wakati napanga foleni ya wali maharage, ujumbe ukaingia: "Kumi na mbili tayari. Nne zimeonyesha, zote upande wa mashariki. Tatu zimebaki."

Jamani, wakati naandika hapa bumu bado liko benki na sijui kama nitalala.