Taveta na Deni la Mtoto wa Dawati la Nyuma

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Mtaala wa Umilisi waliingia Gredi ya 10, kila mmoja na mkondo wake: STEM, sayansi za jamii, au sanaa na michezo. Wazazi wakalalamikia shule walizopangiwa watoto wao, na ubishi ukaenea nchi nzima. Kwangu mimi ubishi huo umechelewa miaka tisa. Mtoto huachana na wenzake tangu gredi ya kwanza, siku somo linapompita na mwalimu akalazimika kusonga mbele.

Mji wetu wa mpakani, Taveta, unalijua jambo hili tangu zamani. Mwaka 1892, wamishonari wa Kianglikana wa CMS walipolazimika kuondoka Moshi, iliyokuwa chini ya Wajerumani, Mchungaji Steggall alihamia huku, na misheni yake ikachapa gazeti la Taveta Chronicle kuanzia 1895 hadi 1901. Baadaye ikaja reli kutoka Voi, yakaja mashamba ya mkonge na vibarua wa kila kabila. Mtaveta, Mtaita, Mkamba, Mpare na Mchaga wakaketi darasa moja, mbele ya ubao mmoja, ingawa hawakuanzia mahali pamoja.

Mawazo ya kuwafundisha watoto kwa vikundi hayakukosekana. Mfumo wa ufundishaji wa NPA (New Primary Approach), ulioanzia Nairobi mwaka 1957, uliyahimiza. Lakini walimu waliofunzwa kuuendesha hawakutosha, ukafifia. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4 pamoja na mtihani wa KCPE wa mwisho wa shule ya msingi, na darasa zima likakimbizwa kwa mwendo mmoja kuelekea mtihani mmoja.

Ushahidi mzito ulitoka upande wa pili wa nchi. Katikati ya miaka ya 1990, shule kadhaa za Busia, magharibi mwa Kenya, ziligawiwa vitabu vya kiada. Watafiti Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walipopima matokeo, waligundua kwamba waliofaidika ni wanafunzi waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lugha ya tatu kwa wanafunzi wengi. Nchi ilikuwa imewaandikia watoto wa mbele.

Kisha ikaja elimu ya bure mwaka 2003. Madarasa yakafurika, na mwaka uliofuata Mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, akajiandikisha darasa la kwanza kule Eldoret. Mwaka 2005, Kremer, Esther Duflo na Pascaline Dupas wakaingia Bungoma na Butere-Mumias kujaribu dawa ya madarasa hayo. Shule 121 zilizokuwa na darasa la kwanza moja tu zilipewa mwalimu wa ziada wa mkataba, darasa likagawanywa mara mbili. Katika nusu ya shule watoto waligawanywa kwa kura. Katika nusu nyingine walipangwa kwa alama zao za mwanzo.

Wengi wangetarajia kundi la chini lizame. Halikuzama. Baada ya miezi 18 makundi yote mawili katika shule zilizopanga kwa alama yalikuwa mbele ya wenzao wa shule za kura. Wa chini walikuwa wameimarika katika stadi za msingi, wa juu katika zile ngumu zaidi, na mwaka mmoja baada ya mradi kwisha tofauti ilikuwa bado ipo. Mwalimu alipojua wanafunzi wake wako wapi, aliweza kuanzia hapo. Kremer na Duflo walitunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Uchumi mwaka 2019, pamoja na Abhijit Banerjee.

Kenya ilichukua nini kutoka huko? Ilichukua ugomvi wa mikataba. Serikali ilipotaka kuajiri walimu 18,000 wa mkataba, chama cha walimu cha KNUT kikapinga, na Septemba 2011 shule zikafungwa na mgomo. Walimu walikuwa na haki ya kudai ajira ya kudumu, nami nasimama nao. Ila katika kelele zile sikusikia mtu akiuliza mwalimu wa ziada angefanya nini darasani, wakati tathmini ya Uwezo ya kusoma na hesabu ilikuwa imeonyesha kwamba takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kazi ya darasa la pili.

Wapo wanaohofia kwamba mtoto akiwekwa kundi la chini ataitwa mjinga. Hofu hiyo ni ya haki iwapo kundi litakuwa kifungo. Basi shule za Taveta zipewe mwalimu wa pili wa gredi ya kwanza. Vikundi viwe vya saa ya kusoma na hesabu tu, somo lianze kwa Kiswahili ambacho watoto hawa wote wanakielewa, na kila anayeweza kusoma ukurasa wake ahamishwe wiki hiyohiyo.