Mkondo wa butistrapu

Mkondo wa butistrapu ni mkondo wa umeme ambao plazma ya tokamaki, mtambo wa muunganiko wa nyuklia wenye umbo la pete, hujizalishia yenyewe. Ulitabiriwa mwaka 1971 na Bickerton, Connor na Taylor nchini Uingereza. Chanzo chake ni tofauti ya shinikizo: kubwa katikati, dogo pembezoni. Baadhi ya chembe hunaswa upande wa nje, ambako uga wa sumaku ni dhaifu, zikaenda na kurudi katika njia yenye umbo la ndizi. Zikigongana na elektroni zinazozunguka huru, huzisukuma upande mmoja. Faida yake ni kubwa mno, kwani transfoma, ambayo kwa kawaida huendesha mkondo wa plazma, haiwezi kufanya hivyo bila kukoma. Hata hivyo, mkondo wa butistrapu hufuata mteremko wa shinikizo wala hauelekezwi kirahisi. Ukizidi pembezoni, huchochea milipuko midogo inayochakaza kuta za mtambo.