Somo la Historia: Bruce Lee, Fundi wa Ngumi na Mchezaji wa Senema

Leo somo letu latupeleka mbali, mpaka Hong Kong na Marekani, tukamtazame mtu ambaye jina lake lajulikana hata na watoto: Bruce Lee. Watu wengi husema kwamba alikuwa fundi wa kupigana, kisha akageuka kuwa mchezaji wa senema. Maneno hayo si ya uongo, lakini ni nusu ya habari. Kazi yetu leo ni kuitafuta nusu ya pili.

Bruce Lee alizaliwa tarehe 27 Novemba, 1940, katika mji wa San Francisco, Marekani. Wazazi wake hawakuwa wenyeji wa huko. Baba yake, Lee Hoi-chuen, alikuwa mchezaji mashuhuri wa opera ya Kikantoni, yaani michezo ya Kichina ya jukwaani yenye kuimba, naye alikuwa safarini pamoja na kikundi chake. Mtoto alipopata miezi michache, wazazi walirudi naye Hong Kong, ambayo siku hizo ilikuwa koloni la Waingereza. Mwezi wa Desemba 1941 majeshi ya Japani yaliivamia na kuiteka, yakaishika mpaka mwaka wa 1945. Basi utoto wake ulikuwa wa mji uliotawaliwa na wageni, kwanza hawa, kisha wale, kisha hawa tena.

Sasa angalia jambo hili, msomaji. Kabla hajajua kukunja ngumi, mtoto huyu alikwisha onekana mbele ya kamera. Alitiwa katika senema akiwa bado mchanga, na alipofika umri wa miaka 18 alikuwa amecheza katika senema zipatazo 20. Ngumi alianza kujifunza akiwa na miaka kama 13, kwa mwalimu Yip Man, aliyefundisha mtindo uitwao Wing Chun. Mtindo huo haupendi kuruka wala madaha. Mpiganaji husimama karibu na adui, hulinda katikati ya mwili wake, na ngumi yake hupita njia iliyo fupi kuliko zote. Mwaka wa 1958 kijana huyu alishinda mashindano ya ngumi ya shule, na mwaka huo huo akashinda mashindano ya dansi ya cha-cha ya Hong Kong. Kwa hiyo kamera, ngumi na dansi vilikua pamoja katika mwili mmoja. Ukitazama jinsi anavyotembea katika senema zake, utaona kwamba miguu ile ilifundishwa pia na muziki.

Lakini kijana alikuwa na ugomvi mwingi wa mitaani, na wazazi wakaona hatari. Mwaka wa 1959 walimpandisha meli kwenda Marekani, akiwa na dola 100 tu. Alikaa Seattle, akafanya kazi ya kuwapelekea watu chakula katika mkahawa wa mama mmoja wa Kichina, akamaliza masomo yake ya sekondari, na mwaka wa 1961 akaingia Chuo Kikuu cha Washington. Jioni alifundisha kupigana. Baadhi ya walimu wa Kichina hawakupenda elimu yao ifundishwe kwa wageni. Yeye alimfundisha kila aliyetaka. Mwanafunzi wake wa kwanza huko Seattle, Jesse Glover, alikuwa Mmarekani Mweusi. Mwaka wa 1964 alimwoa Linda Emery, mwanamke wa Kizungu. Yafaa ukumbuke kwamba wakati huo majimbo kadhaa ya Marekani bado yalikataza ndoa za namna hiyo kwa sheria, na sheria hizo zilifutwa na Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka wa 1967 tu.

Mwishoni mwa mwaka wa 1964, katika mji wa Oakland, alipigana ndani ya chumba kilichofungwa na fundi mwingine wa Kichina, Wong Jack Man. Walioshuhudia hawakukubaliana juu ya sababu wala juu ya mwisho wake. Lakini Linda ameeleza kwamba mumewe hakuridhika, kwa kuwa pambano lilichukua muda mrefu na pumzi zilimwishia. Hapo akaanza kuuchungua upya ujuzi wake wote. Alikimbia, akainua vyuma, akasoma habari za masumbwi ya Wazungu na za mchezo wa panga. Lililofaa alilishika, lisilofaa akaliacha, hata kama lilitoka kwa mwalimu wake. Mwaka wa 1967 njia yake mpya aliipa jina la Jeet Kune Do, maana yake ni njia ya ngumi izuiayo ngumi.

Je, senema zilimrudiaje? Mwezi wa Agosti 1964 alionyesha ustadi wake katika mashindano ya karate ya Long Beach, California. Habari zikawafikia watengenezaji wa vipindi vya televisheni, na mwaka wa 1966 akapewa nafasi katika The Green Hornet. Alicheza kama Kato, dereva na mtumishi wa tajiri wa Kizungu, naye huvaa kinyago usoni. Kipindi kilikoma mwaka wa 1967 baada ya sehemu 26. Watazamaji walimpenda Kato, lakini kazi kubwa haikuja. Akawa anawafundisha wakubwa wa Hollywood, kama Steve McQueen na James Coburn, huku yeye mwenyewe akingoja mlangoni. Mwaka wa 1970 aliumia mgongo alipokuwa akiinua vyuma, akalazimika kulala miezi mingi. Kisha televisheni ikatafuta mtu wa kuwa shujaa wa kipindi cha Kung Fu, naye alikuwa mmoja wa waliofikiriwa. Nafasi ya mtu mwenye damu ya Kichina akapewa mchezaji wa Kizungu, David Carradine.

Usidhani jambo hilo lilizuka siku moja. Tangu mwaka wa 1882 sheria ya Marekani iliwakataza vibarua wa Kichina kuingia nchini, na haikufutwa mpaka mwaka wa 1943. Bruce Lee alizaliwa sheria hiyo ikiwa bado hai. Sheria yaweza kufutwa kwa kalamu siku moja. Mazoea iliyoyajenga huchelewa kutoka.

Alirudi Hong Kong. Raymond Chow, aliyekuwa ameanzisha kampuni ya Golden Harvest mwaka wa 1970, alimpa mkataba wa senema mbili kwa dola 15,000. Ya kwanza, The Big Boss, ilipigwa Thailand, nayo yahusu vibarua wa kiwanda cha barafu wanaodhulumiwa na tajiri wao. Ilipoonyeshwa mwezi wa Oktoba 1971 ilivunja rekodi ya mapato ya Hong Kong. Fist of Fury ya mwaka wa 1972 ilizidi hiyo. Humo shujaa ni kijana wa Shanghai anayekataa Wachina kudharauliwa na wageni katika mji wao wenyewe. Mwaka huo huo aliandika na kuongoza mwenyewe The Way of the Dragon, akapigana na Chuck Norris, bingwa wa karate wa Marekani, katika magofu ya Colosseum, Roma. Sasa Hollywood ikamfuata yeye. Kampuni ya Warner Bros. ikashirikiana na Golden Harvest katika Enter the Dragon, kwa gharama isiyofika dola milioni moja.

Hakuiona ikishangiliwa. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai, 1973, akiwa na umri wa miaka 32, kabla haijatolewa mwezi wa Agosti. Ubongo wake ulikuwa umevimba. Uvumi ulienea wa sumu na wa laana, lakini uchunguzi wa mahakama uliamua kwamba kifo kilitokea kwa bahati mbaya, na dawa ya maumivu aliyomeza ikatajwa. Madaktari wa siku za karibuni wametoa maelezo mengine. Yatupasa tusitie hadithi mahali pa ushahidi.

Senema zake zilifika Afrika Mashariki pia katika miaka ya 1970, na vijana wa mijini wakafanya mazoezi kwa kumwiga. Si ajabu. Mapigano yake hayakuhitaji bunduki wala fedha, na aliyeshinda mwishoni alikuwa kibarua, au mtu wa nchi iliyotawaliwa. Mwaka wa 2005 sanamu yake ilisimamishwa Mostar, mji wa Bosnia uliogawanywa na vita. Waliolitaka jambo hilo walisema kwamba huyu ni mtu ambaye kila upande waweza kumkubali.

Sasa zungumzeni katika kikundi chenu:

1. Je, Bruce Lee aligeuka kutoka kazi moja hadi nyingine, au kazi zote mbili zilikuwa moja tangu utoto?
2. Aliacha baadhi ya aliyofundishwa na mwalimu wake. Je, huko ni kukosa adabu, au ni kuiendeleza elimu?
3. Katika mji wenu, ni mlango gani ambao sheria imeufungua, lakini mazoea bado yameushikilia?