Nzige wa Bonde la Rukwa na peptidi zinazoua bakteria

Peptidi za kinga ni minyororo mifupi ya asidi amino, mingi yake ikiwa na viungo visivyozidi hamsini, ambayo viumbe hutengeneza mwilini ili kuua bakteria na kuvu. Binadamu anazo, chura anazo, mimea inazo, lakini kwa wadudu ndizo miongoni mwa silaha kuu, maana mdudu hana kingamwili kama zetu. Mwiba ukimtoboa na uchafu ukaingia, tishu ya mafuta iliyomo tumboni mwake huanza kuzitengeneza na ndani ya saa chache humwagwa kwenye damu. Watafutaji wa dawa mpya wamezigeukia kwa sababu hiyo, na mkoani Rukwa, Tanzania, yupo mdudu ambaye habari zake zinastahili kusomwa upya kwa jicho hilo: nzige mwekundu, Nomadacris septemfasciata.

Ukitoka Sumbawanga hadi Ntendo, kisha ukateremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kuelekea Muze, unaacha uwanda wa baridi wa Ufipa ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na kuingia kwenye joto la bondeni, mita 800 hivi. Huko chini mbuga zinazozunguka Ziwa Rukwa hujaa maji masika na huchomwa moto kiangazi. Hayo ni mazalia ya nzige mwekundu, pamoja na mbuga za Iku huko Katavi, bonde la Malagarasi na Wembere. Upande wa Zambia yapo ya Mweru wa Ntipa na Kafue. Kati ya mwaka 1930 na 1944 makundi ya nzige hawa yalienea sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa ikweta. Baada ya balaa hilo, mwaka 1949, ikaundwa huduma ya kimataifa ya kumdhibiti, yenye makao Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Ufipa. Mwanaikolojia Desmond Vesey-FitzGerald aliitumikia kwa miaka mingi akichunguza nyasi na mafuriko ya mazalia hayo. Kazi hiyo leo iko mikononi mwa shirika la IRLCO-CSA, lenye makao Ndola.

Nzige mwekundu huzaa kizazi kimoja kwa mwaka. Majike hutaga kwenye udongo uliolowa mvua zinapoanza, tunutu huanguliwa na kukua ndani ya nyasi, na wakishaota mbawa hungoja kiangazi chote kabla ya kupevuka. Maana yake ni kwamba mdudu mmoja huishi miezi mingi kwenye tope, majani yanayooza, moshi na joto, akibanana na wenzake. Mdudu wa maisha hayo asingedumu bila kinga madhubuti.

Kinga hiyo ilipewa mtihani mkubwa mwaka 2009. Badala ya kutegemea sumu za kemikali peke yake, FAO na IRLCO-CSA walinyunyiza kwa helikopta dawa ya kibiolojia iitwayo Green Muscle juu ya hekta zipatazo 10,000 za Iku-Katavi, mbuga za Rukwa na bonde la Malagarasi. Ndiyo mara ya kwanza dawa ya aina hiyo kutumika barani Afrika dhidi ya nzige kwa kiwango kikubwa namna hiyo. Kilichomo ndani yake ni mbegu za kuvu Metarhizium acridum zilizochanganywa na mafuta.

Tazama kinachotokea. Mbegu ya kuvu, ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, inanata kwenye ganda la nzige, labda pale penye ngozi laini kati ya pingili mbili. Inachipua, inatoa vimeng'enya vinavyoyeyusha ganda, inapenya. Ikishafika kwenye damu inaachana na umbo la uzi na kuwa vipande vifupi vinavyoelea na kuongezeka. Chembe za damu huvizingira. Protini zinazotambua ukuta wa kuvu hupiga mbiu. Kinga ya kikemikali huamka. Nzige mwenyewe huota jua kwa muda mrefu zaidi, akipandisha joto la mwili hadi kiwango kinachoidhoofisha kuvu. Nayo kuvu ina hila zake: Metarhizium imeonekana kujivika protini inayoficha ukuta wake usitambuliwe. Mshindi hujulikana baada ya wiki moja hadi tatu. Nzige wengi hufa, ila si wote kwa kasi moja, na hao wanaochelewa kufa ndio wanaonivutia zaidi kuliko maiti zilizotapakaa nyasini.

Sababu yake inatokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2002 kuhusu nzige wa jangwani. Waliolelewa wakiwa wamesongamana walihimili kuvu hiyohiyo kuliko waliolelewa mmojammoja, na damu yao ilikuwa na nguvu zaidi ya kuua vimelea. Ni jambo la mantiki: penye msongamano ndipo ugonjwa unapoenea, kwa hiyo mwili hujiwekea akiba ya silaha mapema. Nzige mwekundu naye huishi kwa sura hizo mbili, ya upweke na ya kundi. Anayetafuta molekuli mpya ana haki ya kuanza na damu ya walio kundini.

Sayansi hii yenyewe ina deni kwa nzige. Huko Strasbourg, Ufaransa, Pierre Joly alikuwa akihamisha viungo kutoka nzige mmoja hadi mwingine bila tahadhari yoyote ya usafi, na vidonda havikuoza. Mwanafunzi wake Jules Hoffmann alianza kazi yake ya utafiti kwa nzige haohao, kisha akahamia kwa nzi. Mwaka 1996 kundi lake lilionyesha kwamba nzi mwenye hitilafu katika jeni iitwayo Toll huuawa na kuvu kwa kukosa peptidi ya kuizuia, na mwaka 2011 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Bruce Beutler na Ralph Steinman. Peptidi ya kwanza ya kinga ya aina hii kwa wadudu ilikuwa imeshapatikana Sweden: Hans Boman na wenzake walidunga bakteria kwenye mabuu-bweta ya nondo wa hariri, na mwaka 1981 wakachapisha muundo wa sekropini.

Nyingi ya peptidi hizi zina chaji chanya. Utando wa bakteria una chaji hasi kwa nje, ule wa seli zetu hauna kwa kiasi hicho, hivyo peptidi huvutwa kwa bakteria, hujipenyeza kwenye utando na kuuvujisha. Si zote zinazotoboa. Apidaesini ya nyuki huingia ndani na kukwamisha ribosomu, mtambo wa kutengeneza protini.

Kuzitafuta kunahitaji uvumilivu. Mdudu huchomwa sindano iliyochovywa kwenye bakteria waliouawa, huachwa kwa saa kadhaa, kisha damu yake hufyonzwa kwa kapilari ya kioo na kuwekwa kwenye barafu, la sivyo inabadilika kuwa nyeusi na kuharibika. Hutenganishwa kwa kromatografia, sehemu moja baada ya nyingine. Kila sehemu hudondoshwa kwenye sahani ya agari iliyopandwa bakteria, na asubuhi yake unatafuta duara safi ambalo bakteria hawakuota. Siku hizi jeni husomwa pia kwa kompyuta, ingawa kwa nzige si kazi ndogo: jenomu ya nzige mhamaji, iliyochapishwa mwaka 2014, ni kubwa zaidi ya mara mbili ya jenomu ya binadamu.

Wadudu wengine wa savana za Afrika wameshatoa matunda. Mchwa Pseudacanthotermes spiniger, ambaye kumbikumbi wake huliwa, alitoa peptidi mbili mwaka 2001: temisini, yenye asidi amino 36 na inayoua kuvu, na spinijerini, yenye 25. Mchwa huzihifadhi kwenye chembe za damu na tezi za mate hata kabla hajaumwa.

Kutoka sahani ya agari hadi duka la dawa ni mbali. Vimeng'enya vya mwili wetu huzikatakata peptidi, baadhi hupasua chembe nyekundu za damu, na kuzitengeneza ni ghali. Pamoja na hayo, juhudi hii haiwezi kuahirishwa: mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani.

Ombi langu ni kwa wanaokagua mazalia ya Rukwa na kwa vyuo vyetu. Kabla kundi halijanyunyiziwa, wachukuliwe nzige hai, wa upweke na wa kundini, wapimwe damu hapa nchini. Na kama sampuli zitasafirishwa, mkataba wa kugawana manufaa usainiwe kwanza, kwa misingi ya Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, na vijiji vya bondeni vitajwe ndani yake.