Miali X Yatikisika Upande Gani?

Wengi wetu tumekwisha kusimama mbele ya mashini ya hospitali ipigayo picha ya mapafu au ya mfupa uliovunjika. Huku kwetu watu husema tu «kupigwa radio». Kumbe miali ile isiyoonekana kwa macho iliwasumbua wataalamu wakubwa muda wa miaka mingi. Walijua kuitumia kabla ya kujua ni kitu gani. Basi, tuwasimulieni habari yake.

Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mwalimu Wilhelm Conrad Röntgen aliona ajabu. Chupa yake ya umeme ilikuwa imefunikwa kwa karatasi nyeusi, lakini karatasi nyingine iliyopakwa dawa, iliyokuwa mbali kidogo, iling'aa gizani. Kitu fulani kilipenya. Akakiita «miali X», kwa sababu katika hesabu herufi X ni alama ya kitu kisichojulikana bado. Mwaka 1901 alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya fizikia. Wala hakutaka kujiwekea haki ya uvumbuzi wake. Aliwaachia watu wote wautumie.

Lakini swali lilibaki. Wengine walisema miali X ni mawimbi kama nuru. Wengine walisema ni vipande vidogo sana virukavyo kama risasi. Itajulikanaje?

Tutwae mfano. Funga kamba kwenye mti, uipitishe katikati ya fito za ua zilizosimama wima. Ukiitikisa juu na chini, wimbi litapita. Ukiitikisa kulia na kushoto, wimbi litazuiwa. Risasi haina jambo kama hilo. Wimbi la kamba lina upande wake wa kutikisika. Nuru nayo ni hivyo. Nuru ya kawaida hutikisika pande zote, lakini mara nyingine hutikisika upande mmoja tu, na wataalamu huita jambo hilo polarizasyoni. Basi, kama miali X ni mawimbi ya namna ya nuru, nayo iwe na polarizasyoni.

Aliyeitafuta ni Mwingereza Charles Glover Barkla, aliyezaliwa mwaka 1877, akafanya kazi yake katika mji wa Liverpool. Mwaka 1904 alionyesha kwamba miali itokayo katika chupa ina polarizasyoni kidogo. Mwaka 1906 akafanya jaribio lililo wazi zaidi. Alielekeza miali kwenye kipande cha makaa. Miali ikatawanyika, naye akachagua ile tu iliyotoka kwa pembe mraba, akaielekeza kwenye kipande cha pili cha makaa. Halafu akapima miali iliyotawanyika mara ya pili: ile iliyokwenda juu, na ile iliyokwenda pembeni. Vyombo vyake vilikuwa na majani membamba ya dhahabu, ambayo huanguka upesi au polepole kwa kadiri ya nguvu ya miali. Upande mmoja miali ilikuwa mingi, upande wa pili kidogo sana. Miali X yatikisika kama mawimbi!

Je, ubishi ulikwisha? Hata kidogo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kuanzia mwaka 1907 William Henry Bragg, aliyekuwa akifundisha Adelaide, Australia, alishikilia kwamba ni vipande, naye alikuwa na sababu zake nzuri. Mwaka 1912, kule München, Max von Laue na wenzake walipitisha miali katika fuwele, ikafanya alama kama za mawimbi. Ndipo Bragg mwenyewe, pamoja na mwanawe Lawrence, wakaitumia njia hiyo kuchungua fuwele, wakapewa tuzo ya Nobel ya mwaka 1915. Kisha mwaka 1923 Mmarekani Arthur Compton akaonyesha kwamba muali X ukigonga elektroni hupoteza nguvu, kama gololi iliyogonga gololi nyingine. Kumbe kila upande ulikuwa na nusu ya ukweli.

Barkla alipewa tuzo ya mwaka 1917. Lakini baadaye alikataa mafundisho mapya, akatumia miaka mingi kutafuta miali ya namna nyingine ambayo wenzake hawakuiona. Alikufa mwaka 1944. Rai zake za baadaye zimeachwa. Kipimo chake cha 1906 kimesimama.

Tena kimezaa matunda mbali. Katika mji wa Darmstadt, Ujerumani, kuna nyumba kubwa ya utafiti iitwayo GSI, iliyoanzishwa mwaka 1969. Huko hutwaa atomu za urani, madini ileile iliyochimbwa zamani kwetu Katanga, kule Shinkolobwe. Huziondolea elektroni zote 92, kisha huzizungusha katika bomba la duara lenye mita 108, kwa mwendo unaoweza kupita kilometa 200.000 kwa sekunde. Zikikutana na hewa chache, atomu hizo hunyakua elektroni na kutoa muali X. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza kwamba wameipima polarizasyoni ya miali hiyo. Mahali pa makaa mawili waliweka jiwe la germani lililogawanywa vipande vingi: muali hugonga kipande kimoja, hutawanyika, hushikwa katika kingine. Wakihesabu umeelekea wapi mara nyingi zaidi, wajua ulivyotikisika. Nao waliona miali ile ina polarizasyoni kubwa, kama hesabu za wataalamu zilivyotabiri.

Tuangalie vema: kugongana kule kwa Compton, kulikoonyesha kwamba muali ni kama kipande, ndiko leo kunakopima mtikisiko wake kama wimbi. Bragg na Barkla waliobishana wamekutana katika chombo kimoja.

Basi, tukibishana na wenzetu, tupime kwanza kwa uaminifu. Maneno yetu huenda yakasahauliwa. Kipimo cha kweli kitawafaa hata wale waliotupinga.