Wavu, Jicho na Fundo: Kwa Nini Nayakataa "Matundu"

Rasimu ya istilahi za uhandisi wa umeme ambayo kamati iliniomba niipitie inaita wavu wa ukokotoaji "matundu". Mahali nyuzi zinapokutana panaitwa "nodi", vipande vyenyewe "elementi", na kazi nzima ya kuigawa antena pamoja na hewa inayoizunguka, kabla kompyuta haijaanza kuiga mawimbi yake, imepewa jina la "utundushaji". Niliandika pingamizi la kurasa kadhaa. Rasimu ya pili ilipotoka, matundu yalikuwa palepale, na jina langu limepangwa miongoni mwa walioridhia. Sikuridhia.

Tundu ni uwazi ndani ya kitu kizima: tundu la pua, tundu la sindano, matundu ya vyoo ambayo halmashauri huyahesabu zinapojenga shule. Neno hilo linataja kinachokosekana. Anayekokotoa uga wa sumakuumeme anagawa nafasi yote, shaba na hewa, hata pasibaki pembe isiyo na hesabu yake. Kuiita kazi hiyo matundu ni kuitaja kwa kinyume chake. "Elementi" nayo ina mwenyewe tangu kidato cha kwanza: ni ya kemia, na ziko 118.

Wako wanaopendekeza "mtandao", nao nawaheshimu zaidi kidogo. Kitenzi tanda kimezaa kitanda, mtandio, utando wa buibui na mtandao. Ni ukoo mzuri. Ila simu, benki na intaneti zimeshalikalia neno hilo. Mwambie mwanafunzi apakie mtandao, ataanza kutafuta bando.

Wavu haugombaniwi na yeyote, na umekuja na jamaa zake wote. Pwani kuna jarife la papa na kasa, kimia cha kutupa, juya la kukokota. Maofisa wa uvuvi wanapopiga vita nyavu za macho madogo, hakuna mvuvi anayeuliza macho ni nini. Macho yamezungukwa na nyuzi, na nyuzi hukutana kwenye mafundo. Kitenzi fundika kiko hai. Fundo liko kwenye muwa, kwenye kifundo cha mguu, kwenye moyo wa mwenye kinyongo, na popote lilipo ni pale vitu vinapokutana na kukaza. Hiyo "nodi" ya kamati asili yake ni Kilatini, nodus, na maana yake ni fundo. Kwa nini tuazime kwa Warumi kitu tunachokifunga kila siku kwenye ncha ya khanga?

Wenye Kifaransa hawakuona aibu kwenda kwa wavuvi. Kazi ya kuigawa nafasi wanaiita maillage, kutokana na maille, jicho la wavu, neno lililotoka kwenye macula ya Kilatini. Na programu huria maarufu ya kusuka nyavu za namna hii, Gmsh, iliandikwa na Christophe Geuzaine na Jean-François Remacle, wa vyuo vikuu vya Liège na Louvain, katika Ubelgiji ya Kifaransa.

Hata hivyo hoja yangu kubwa haiko kwenye asili ya maneno, iko kwenye ukokotoaji wenyewe. Mwaka 1966 Kane Yee alichapisha mpango ambao uga wa umeme unakaa kwenye nyuzi na uga wa sumaku unapenya katikati ya macho. Hapo kanuni ya Faraday husomeka kwa Kiswahili cha kawaida: jumlisha umeme wa nyuzi nne zinazolizunguka jicho, utajua sumaku inayopita ndani yake inabadilika kwa kasi gani. Programu za Meep, iliyoanzia MIT, na openEMS ya Thorsten Liebig wa Ujerumani, zimesimama juu ya wazo hilo. Waliotumia pembetatu na piramidi walianza kwa kuweka umeme kwenye mafundo, wakapata majibu ya uongo, masafa ambayo hayamo kabisa katika kifaa wanachokiiga. Mwaka 1980 Jean-Claude Nédélec alieleza vipande vinavyouweka umeme kwenye nyuzi, na leo wakokotoaji wengi wa sumakuumeme wanavitegemea. Naomba mjumbe yeyote wa kamati aieleze aya hii kwa kutumia matundu na nodi. Umeme atauweka wapi? Tundu halina uzi.

Niliambiwa kikaoni, kwa sauti ya kunifunza, kwamba wavu ni bapa ilhali antena ina kimo. Basi wavu wenye kimo una vyumba, na kuta za vyumba ni macho. Sikupewa nafasi ya kulijibu hilo siku ile.

Ukubwa wa jicho nao unajieleza. Kwa gigahezi 2.4, masafa ya Wi-Fi, wimbi hewani lina urefu wa sentimita 12.5. Desturi ni macho yasiyopungua 10 kwa kila urefu wa wimbi, yaani jicho lisizidi sentimita 1.25. Ndani ya maji wimbi hilohilo hufupika karibu mara 9, na wavu sharti uwe wa macho madogo zaidi. Kwa mbinu ya Yee, ukilipunguza jicho kwa nusu, vyumba huwa mara 8 na hatua za muda mara 2. Kompyuta inabeba kazi mara 16.

Haya yote yangebaki ubishi wa vikao kama programu zingekuwa zimefungwa. Gmsh ni huria, na Elmer, programu ya ukokotoaji ya kituo cha CSC cha Finland, ni huria tangu 2005. Kila mtu anaruhusiwa kuzisoma, kuzibadili na kuzigawa. Faili la wavu lenyewe, katika mtindo wa zamani wa Gmsh, ni maandishi matupu. Mstari unaosomeka 7 2 2 1 6 1 5 9 ni jicho namba 7, aina ya 2, yaani pembetatu. Lina vitambulisho 2, ambavyo ni 1 na 6. Limefungwa kwenye mafundo 1, 5 na 9. Juu ya programu hizo mbili nimeandika kwa Python chombo cha kuiga antena, na ujumbe wake wote ni wa Kiswahili.

Kwa matumizi: suka wavu, punguza macho, hesabu mafundo, soma umeme kwenye nyuzi. Kamati ikikitaka chombo hicho nitaipa pamoja na msimbo wake wote, na leseni inairuhusu hata kuyarudisha matundu, mradi jina langu lisiwekwe tena chini yake.